Mkono wa Kushoto wa Mama Gachoki

Ganda la kiazi lilianguka upande usio wake.

Aliyeliona ni Kaari peke yake, kwa sababu kuona mambo ya aina hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Katika filamu ya watu wenye akili timamu, mtunza mwendelezo huhakikisha kwamba jambazi aliyepigwa risasi begani hatokei baadaye akiwa na shati safi. Katika filamu ya Mwaniki hapakuwa na jambazi wala risasi. Palikuwa na mwanamke jikoni, kisu, beseni na viazi. Kwa hiyo Kaari, msichana wa Embu mjini aliyemaliza chuo kikuu kwa alama ambazo mama yake bado anazitaja kanisani, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa huko Kibugu, chini kidogo ya msitu wa mlima, akihakikisha kwamba maganda yanaangukia kulia.

Sasa liliangukia kushoto.

Alimtazama Kiende, mwigizaji, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya moto. Kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto. Kilikuwa kikizunguka kiazi bila kusita, kikitoa ganda jembamba refu lisilokatika, nacho jana yake kilikuwa katika mkono wa kulia na kilikuwa kikikata mapande mazito, kwa sababu Kiende alikuwa mtu wa jukwaani, kutoka Meru mjini, na hakuwa na mapenzi na viazi.

Kaari aliinua mkono. Mwaniki alimnyamazisha kwa kidole bila kuondoa macho kwenye skrini.

Baadaye, walipopumzika, Kaari alimwambia Kiende kwa upole kwamba amebadilisha mkono. Kiende aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayetazama mwavuli aliouokota na hajui ni wa nani.

"Mimi si mashoto," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Mwaniki alisikia, akaja, akasema hilo ni jambo zuri sana, mwili unaanza kufikiri wenyewe. Kisha akasema neno alilolipenda kuliko maneno yote.

"Tena."

Ni vizuri msomaji aelewe filamu hii ilikuwa ya namna gani, maana watu wa Kibugu wenyewe walielezwa na hawakuelewa, na kosa halikuwa lao. Iliitwa Mama Akimenya. Mwanamke anaamka, anawasha moto, anachemsha chai, anamenya viazi, anaosha sufuria, anafagia, anamenya viazi vingine. Kisha siku ya pili inaanza, naye anawasha moto. Hakuna anayekuja. Hakuna anayekufa. Kamera haisogei kabisa. Imesimama kwa miguu yake mitatu kwenye kona ya jiko kama mgeni aliyekuja kudai kitu na anaona haya kusema. Mwaniki alijivunia kwamba katika kazi yake hakuna kinachotokea, jinsi wanaume wengine wanavyojivunia shamba. Alikuwa amesomea mambo hayo ng'ambo, akarudi na skafu ya sufu na wazo kwamba uchovu wa wanawake ni mzuri ukitazamwa kwa muda mrefu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumenya kiazi. Chai yake aliletewa pale alipokaa, na kikombe alikiacha chini, karibu na mguu wa kiti, hadi mtu apite na kukiokota.

Jiko lenyewe lilikuwa la mama yake. Jina lake la ubatizo lilikuwa Cicily, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Gachoki, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama huyo alikuwa ameaga dunia kabla Mwaniki hajarudi, na Mwaniki hakuja mazishini kwa sababu tiketi zilikuwa ghali mwezi ule. Baada ya mazishi Gachoki, kaka yake, alifanya kama watu wa ukoo wao wanavyofanya hata baada ya kuokoka na kuimba kwaya: aling'oa figa moja kati ya mafiga matatu ya jiko la mama, akalibeba hadi mwisho wa shamba la chai, akalitupa kwenye vichaka juu ya mto. Mafiga mawili hayawezi kubeba sufuria. Mwenye jiko akirudi akakuta mawili, anajua kazi yake imekwisha, anakwenda zake. Tangu siku hiyo Ruguru, mke wa Gachoki, alipika kwa gesi kwenye nyumba kubwa, na jiko la nje likawa la kuku.

Mwaniki aliwafukuza kuku. Halafu akashuka mwenyewe hadi juu ya mto, akapekua vichaka na fimbo, akalipata figa likiwa bado na masizi upande mmoja. Hiki ndicho kisa alichopenda kuwasimulia watu. Angeweza kuokota jiwe lolote. Kibugu haijawahi kukosa mawe. Lakini alitaka lile lile, kwa sababu, alisema, kamera hutambua uongo. Alilibeba kifuani, likamchafua ile skafu, akaliweka mahali pake, na moto ukawashwa.

Ruguru alisimama mlangoni akayaona mafiga matatu. Aliweka chini thamosi ya chai, akageuka, na tangu siku hiyo hakukanyaga ndani ya lile jiko. Chai aliiacha juu ya jiwe la kufulia, nje, na aliyetaka aliifuata.

Siku zilizofuata zilikuwa sawasawa, kama filamu ilivyotaka ziwe. Ukungu ulishuka kutoka msituni asubuhi, wachumaji chai walipita na vikapu mgongoni wakichungulia na kucheka, na Kiende alimenya. Alimenya kwa kushoto. Mwaniki hakutaka tena kusikia habari za mkono. Alimwambia Kaari abadilishe anachokiita sahihi. Mutembei, mpiga picha, ambaye alitoka Meru na alikuwa na utani kwa kila jambo, alimwita Mwaniki "dairekta" kwa sauti ambayo Mwaniki hakutambua kuwa ni ya dharau, na alisema kwa pembeni kwamba watu wakilipa kuona hii, yeye atamweka shangazi yake nyuma ya kioo na kuuza tiketi.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungua, ile inayokwama puani, na Kaari aliitafuta kwa sababu maziwa hayakuwamo katika tukio lolote. Alichungulia sufuria: maji na viazi. Alinusa nje: majani mabichi na ukungu. Alirudi ndani, na harufu ilikuwa pale, upande mmoja tu wa jiko, kati ya kigoda na moto, na ukisogea hatua moja inakatika kama umetoka chumbani.

Mutembei hakuizungumzia harufu, lakini siku moja mchana alimwita Kaari kwa kidole, akamvalisha vipokea sauti masikioni na kumwonyesha mwanamke aliyekuwa mbele yao. Kaari alisikia kisu kikikwangua kiazi, krr, krr, kisha kimya, kisha krr ndefu. Alitazama. Kiende alikuwa bado hajagusa kiazi, alikuwa anakipangusa. Kisha akakiinua, akakikwangua, na kisu kilikwenda kwa mpigo ule ule ambao Kaari alikuwa ameshausikia.

"Waya ni mzima," Mutembei alinong'ona. "Nimebadilisha. Nimebadilisha kila kitu."

"Umemwambia?"

"Dairekta? Ameniambia ni nzuri."

Jambo lililomvunja Kaari moyo, hata hivyo, lilikuwa simu. Kiende alikuwa na binti mdogo aliyeachwa na nyanya yake huko Timau, karibu na shamba la maua ambako nyanya alifanya kazi, na kila jioni kabla giza halijaingia mtoto alipiga simu kueleza nani amemsukuma shuleni na nani amekula sandwichi ya nani. Kiende aliyapenda mazungumzo hayo kuliko mshahara; kazi hii aliikubali ili amlete mtoto akae naye mjini muhula ujao, na alikuwa ameshampigia hesabu ya kitanda. Jioni ile simu ililia jikoni. Wote walikuwa wametoka isipokuwa Kiende, ambaye siku hizo hakutoka. Alisema nje kunamchosha. Kaari alipoona hapokei, aliingia, akaipokea, akamshikia sikioni.

Sauti ya mtoto ilitoka nyembamba, ikisema mami, mami, unanisikia. Kiende aliendelea kumenya. Baada ya muda alimtazama Kaari kwa macho ya adabu, macho ya mtu mzima anayeulizwa njia na mgeni.

"Huyo ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Kaari alimdanganya mtoto kwamba mama ana kazi, akatoka na simu mkononi hadi nyuma ya boma la ng'ombe. Ruguru alikuwa pale akikamua. Alimaliza kukamua kwanza, kwa sababu ng'ombe haachwi katikati, kisha akamuuliza Kaari anaona nini mle ndani. Kaari alimweleza yote kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kueleza: maganda, harufu, sauti, simu. Alipotaja mkono wa kushoto, Ruguru alikaa chini kwenye matope na ndoo yake ya maziwa.

Mama mkwe wake, alisema, alikuwa mashoto. Alipokuwa msichana baba yake aliufunga mkono ule kwa ukindu ili azoee kulia, na hakuzoea. Alimenya kwa kushoto hadi siku alipoanguka mbele ya moto ule ule, maziwa yakiwa juu ya mafiga, na waliomkuta waliongozwa na harufu.

"Mwaniki anajua?" Kaari aliuliza.

"Mwaniki?" Ruguru alipangusa mikono. "Kairitu, msichana wangu, huyo aliishi humu hadi akamaliza sekondari, na sidhani kama anajua mamake alitumia mkono gani. Yeye alijua kikombe. Alikinyoosha hivi, bila kuangalia, akasema tena. Mama anajaza. Anasema tena. Na mama kila mara alimuuliza, imetosha? Hajawahi kumwambia imetosha. Alikuwa anaondoka tu."

Kaari alimkabili Mwaniki asubuhi. Alikuwa amejiandaa apuuzwe au afukuzwe kazi. Hakuwa amejiandaa kuona furaha. Uso wa Mwaniki ulichangamka kadiri alivyosikiliza, na Kaari alipofika kwa habari za mtoto wa Timau, Mwaniki alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja supu. Habari za majini alizicheka. Majini, alisema, ni ya watu wa Mombasa, huku juu kuna baridi sana kwao. Lakini kwamba mwigizaji amejisahau kabisa, kwamba mikono yake imepata kumbukumbu isiyo yake, hilo mabingwa wa sinema wa ng'ambo walikuwa wamelitafuta maisha yao yote.

"Amemsahau mtoto wake," Kaari alisema.

"Kwa muda," Mwaniki alisema. "Tukimaliza atakumbuka. Usimguse, tafadhali. Usimkatize."

Alisema tafadhali. Kaari hakumsamehe hiyo tafadhali.

Kiende hakuweza kuondolewa kwa nguvu; Kaari na Mutembei walijaribu mchana ule wakati Mwaniki alipokwenda kutafuta mtandao barabarani. Walimshika huku na huku wakamwinua. Alikuwa mwepesi hadi kizingitini, na pale mlangoni akawa mzito kama gunia lililoloa, akalia kilio cha chini kinachotoka tumboni, kilio cha mtu aliyeacha kitu motoni, hadi walipomrudisha kigodani.

Basi Ruguru alimtuma mumewe Ishiara, kule chini kwenye joto, akarudi na Celina. Mtu angemtarajia mganga mwenye manyoya. Celina alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya shule ya mjukuu wake, muuza kunde na ndengu sokoni, na alikuja na gunia la ndengu kwa sababu hakuona faida ya kupanda hadi Kibugu mikono mitupu. Kazi ile nyingine aliifanya akiitwa. Kwanza alimuuzia Ruguru ndengu. Kisha akaomba aonyeshwe.

Hakwenda jikoni. Alikaa mbele ya skrini ya Mwaniki na kutazama yaliyorekodiwa, mikono mapajani. Kiende alimenya. Celina alitazama. Kiende alimenya. Celina alipiga mwayo.

"Hii ndiyo sinema?"

"Ndiyo, cucu," Mwaniki alisema, akimwita bibi kwa heshima.

"Itaanza saa ngapi?"

Mutembei alitoka nje ili acheke. Mwaniki alianza kueleza kwamba muda wenyewe ndio mhusika mkuu, kwamba mtazamaji anapaswa kuusikia uzito wa kazi isiyoonekana. Celina alimsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayengoja mteja amalize kulalamika kuhusu bei.

"Kama unataka kuusikia uzito wake, chukua kisu," alisema. Kisha akamgeukia Ruguru, kama kwamba Mwaniki hakuwa chumbani tena. Alisema jambo lenyewe ni dogo na limefanywa kubwa na mtu mmoja. Mama huyu alikuwa amekwenda zake. Figa limerudishwa, akaitwa jikoni. Hilo peke yake angeweza kulivumilia, angepika siku moja akaondoka. Lakini kila akimaliza anasikia sauti ya mwanawe ikisema tena. Mama gani atatoka?

"Kwa hivyo ni vitu viwili," alisema. "Figa linamshika msichana. Neno linamshika mama. Figa litolewe. Na aliyesema tena, huyo huyo, akamwambie imetosha. Si lazima alie. Aseme tu."

Mwaniki alisema sawa. Alisema bila ubishi, kwa upole, na kila mtu alijua amedanganya. Alichotaka ni tukio la mwisho tu, lile la mwanga wa alasiri unaopita katika nyufa za mbao. Baada ya hapo wangeweza kulibeba figa hadi baharini wakipenda.

Alasiri mwanga ulikuja. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo na miali iliingia ikiwa imejaa moshi, ikakata jiko vipande, na ilikuwa nzuri kwa kweli, Kaari hakuweza kukataa hilo. Mutembei alikuwa nyuma ya kamera akiwa ameacha kufanya utani. Mwaniki alichuchumaa mbele ya skrini. Kiende alimenya kiazi cha mwisho katika beseni, ganda likaanguka kushoto, akakiweka kiazi ndani ya sufuria, akainua uso, na kwa sauti nzito yenye mkwaruzo wa moshi wa miaka, kwa Kiembu safi ambacho yeye, mtu wa Meru, hakuwahi kukizungumza, aliuliza kama imetosha.

Ruguru, aliyekuwa nje, alishika kinywa.

Mwaniki hakuinua macho. Alikuwa akitazama picha ya mwanamke, si mwanamke.

"Tena," alisema.

Hapakuwa na kiazi kingine. Mkono wa kulia ulitafuta ndani ya beseni, ukapapasa maji ya udongo, ukazunguka ukingo wote kwa utulivu, na usipopata kitu ukajileta wenyewe mapajani, ukajikunja kidogo kama kiazi kinavyokaa, na mkono wa kushoto ukakiinua kisu na kukiweka chini ya kidole gumba, pale ngozi inapoanzia, na kuanza kuzunguka, polepole, kwa ustadi, bila haraka yoyote, na katika masikio ya Mutembei ile krr ilikuwa imeshasikika kabla, kwa hiyo yeye ndiye aliyepiga kelele ya kwanza, kelele fupi tu, kabla damu haijatoka, na Kaari, ambaye tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuingia mbele ya kamera hata kwa kivuli, aliinuka kwenye ndoo yake na kupita katikati ya mwanga ule mzuri na moshi ule mzuri, akaushika mkono wenye kisu kwa mikono yake miwili, na akahisi nguvu iliyo chini ya ngozi, nguvu isiyo na hasira, nguvu ya kazi tu, ile inayopasua kuni na kukama ng'ombe na kuinua mtungi, ambayo haimtambui mtu anayeizuia zaidi ya vile inavyolitambua fundo katika kuni.

"Imetosha, mama," Kaari alisema. "Imetosha. Asante."

Macho ya Kiende yalimpita. Yalitazama juu ya bega lake, kuelekea kwenye kona, yakingoja.

"Mwambie," Kaari alisema bila kugeuka. "Mwaniki. Mwambie."

"Toka mbele ya lenzi," Mwaniki alisema.

Aliyeingia ni Ruguru. Alipita kizingiti alichokuwa amekikwepa siku zote hizo, hakumtazama mtu, akavuta sufuria pembeni, viazi na maji vikamwagika juu ya moto, mvuke ukajaa jiko zima, na katika mvuke huo aliliinamia figa la tatu, akalikumbatia kwa leso yake na mikono yake, likiwa la moto, akaling'oa, akatoka nalo. Walimsikia akikimbia kati ya mistari ya chai, akiita jina la Yesu na, katikati yake, majina ya wazee wa mumewe kwa zamu, ili asimwache mtu yeyote nje ya jambo hilo. Halafu walisikia kishindo chini, vichakani.

Kisu kilianguka. Kiende alitazama kidole chake kilichokuwa kikivuja, akatazama mkono wa Kaari uliomshika, akaanza kulia kama watu wanavyolia, kwa kelele na kamasi, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa simu yake.

Mwaniki alisimama akiwa amekunja mikono. Alisema tukio limeharibika, kisha akafikiri, akasema labda sehemu ya kwanza inafaa.

Celina alikuwa amekaa nje juu ya jiwe la kufulia muda wote huo, akichagua mawe kutoka kwenye ndengu za Ruguru. Wakati wa kuondoka alimwita Mwaniki, naye alikuja kwa sababu hata yeye alilelewa. Alimwambia msichana ametoka, hilo limekwisha. Lakini neno bado liko. Alikuwa amesema tena, na hakuna aliyelirudisha.

"Sema imetosha," alimwambia. "Hapa hapa. Hata kwa kunong'ona. Halafu nenda na sinema yako."

Mwaniki alitabasamu, akamshukuru kwa kuja, akampa skafu yake ile yenye masizi iwe zawadi. Celina aliitazama, akaitumia kufungia gunia lake.

Kiende alikwenda Timau kwa mwanawe siku hiyo hiyo. Kidole gumba kilipona na alama nyeupe inayozunguka kama pete. Mtoto alihamia kwake muhula uliofuata. Viazi wanavila, anavichemsha na maganda yake, na mtoto amezoea kuvimenya mwenyewe mezani, kwa mkono wa kulia.

Kaari alipata kazi kwenye redio ya mjini Embu, mahali ambapo hakuna kinachoonekana. Habari za Mwaniki alizisikia kwa vipande: kwamba amejifungia Nairobi akihariri, kwamba ametoa tukio la mwisho na kulirudisha, kwamba amewaandikia wafadhili wake wa ng'ambo kuwa itakuwa ndefu kuliko alivyodhani. Kisha vipande vikakoma, na Mutembei akampigia.

Alipiga mchana, Kaari akiwa kazini. Alizungumza chini, na hakukuwa na utani katika sauti yake. Alisema amekwenda kudai betri zake kwa dairekta, akakuta mlango uko wazi, na harufu ya maziwa kuanzia kwenye ngazi. Mwaniki yuko mezani. Kompyuta imewashwa na inaonyesha lile jiko la Kibugu, moshi, miali ya jua, kigoda, beseni. Kwenye kigoda hakuna mtu.

"Na yeye?" Kaari aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa.

Kabla Mutembei hajajibu, Kaari alisikia, kwa mbali ndani ya simu, krr, krr, kisha krr ndefu.

"Kwa kushoto," Mutembei alisema. "Magunia na magunia, Kaari. Sijui nani anamletea. Ganda halikatiki."

Kaari alimwambia amsogelee, asiguse kisu, ainame karibu na sikio, aseme imetosha. Aseme kwa nguvu. Labda kwa kuwa ni sauti ya mwanamume, labda mama angekubali.

"Nimesema," Mutembei alisema. "Hanisikii. Na kila akimaliza kimoja anauliza yeye mwenyewe. Kwa ile sauti ya mama. Anauliza, imetosha?"

"Halafu?"

Simu ilisogezwa. Kaari alisikia kiazi kikiangukia kwenye maji, na sauti nzito ya mwanamke mzee, yenye moshi na uvumilivu, ikiuliza swali lake kwa Kiembu. Kisha, kutoka kinywa kile kile, bila hata kuvuta pumzi, alimsikia Mwaniki akijibu kwa upole, kama mtu anayenyoosha kikombe bila kuangalia.

"Tena."